Mteja Akisema "Hiki Sicho Nilichoagiza"

Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia

Tuliombwa tuzungumze juu ya kuuza kwa simu na mtandao, lakini hilo ni jambo refu. Jinsi ya kupiga picha na kuweka tangazo wengi wenu mwajua kutushinda, au mna vijana nyumbani wanaojua. Leo tutashika kipande kimoja tu, kile ambacho vikundi hutuletea mara kwa mara: mteja ameagiza, amelipa, amepokea mzigo wake, halafu baada ya siku mbili anapiga simu. "Mmeniletea kitu kingine. Nirudishieni pesa zangu." Nanyi mwajua moyoni kwamba mlipeleka kile kile alichoagiza.

Hapo mwafanya nini?

Zamani shida hii haikuwa na nafasi kubwa. Mama aliyeuza kiondo sokoni Kawangware alikiweka mkononi mwa mnunuzi. Mnunuzi alikigeuza, akavuta mikanda, wakapatana bei, akalipa. Akishaondoka, ameondoka. M-Pesa ilianza Machi 2007, kisha simu za kupiga picha zikaenea, na sasa mtu aliye Lavington au Westlands huona picha, hulipa, na hajagusa kitu. Pesa zaenda siku moja, mali yafuata siku nyingine, tena mkononi mwa mtu wa tatu. Ndani ya pengo hilo ndimo uongo hupita. Muuzaji mwongo tumemsikia sana, yule anayepokea pesa akazima simu. Leo ni zamu ya mnunuzi mwongo.

Tuseme kikundi cha akina mama cha Kangemi chauza vyondo. Kimetangaza kwa WhatsApp na Facebook kiondo cha mkonge chenye mikanda ya ngozi, bei Sh. 2,500. Mteja alipa. Kiondo chafungwa kwa gazeti na mfuko, chapewa kijana wa boda boda, chafika mjini. Siku ya tatu yaja picha kwenye simu: kiondo cha nyuzi za plastiki, mikanda ya rangi ya ngozi lakini si ngozi. "Hiki ndicho mlichonitumia." Kumbe kiondo cha plastiki amekinunua mahali pengine kwa bei ndogo, na kile cha mkonge amekiweka nyumbani. Akirudishiwa Sh. 2,500 zake, amepata kiondo kizuri karibu bure, na kikundi kimebaki na takataka.

Sasa tazameni kinachotokea ndani ya kikundi, maana hapo ndipo kuna hatari kubwa kuliko ile ya Sh. 2,500. Mtu wa kwanza kuulizwa ni nani? Si mteja. Ni mama aliyefunga ule mzigo. "Ulikuwa umechukua kutoka rundo gani?" "Una hakika?" Wiki ijayo mwingine ananong'ona kwamba labda kile kizuri kiliuzwa kando. Mweka hazina anaulizwa habari za mwezi uliopita. Tumeona kikundi kilichokaa pamoja miaka mingi, kilichozika na kusomesha pamoja, kikigawanyika kwa sababu ya mzigo mmoja ambao hakuna aliyeweza kusema kwa hakika ndani yake mlikuwa na nini. Mteja yule hata hakujua. Alikuwa ameshakwenda zake.

Kwa hiyo kazi yetu ya kwanza si kumshinda mteja. Ni kuwa na hakika sisi wenyewe.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na sisi twaongeza kwamba siku hizi daftari lina picha. Nendeni Luthuli Avenue mkaangalie wale wanaouza simu. Kabla ya kukupa simu, mwenye duka huandika kwenye risiti ile nambari ndefu ya simu yenyewe, ile inayotokea ukibonyeza *#06#. Haandiki kwa mapambo. Ukirudi kesho na simu mbovu ya aina ile ile, atabonyeza, atalinganisha nambari, na mazungumzo yataisha palepale. Kila simu halisi hupewa nambari yake yenyewe.

Kiondo hakina nambari, mtasema. Basi tukipe. Ninyi mnaosuka mwajua kwamba kiondo huanzia kitakoni na kupanda juu. Mkianza, pitisheni uzi mmoja mfupi wa rangi ya kikundi palepale kitakoni, upande wa ndani, usukwe pamoja na mengine. Huwezi kuutoa bila kufumua kiondo. Anayeshona sweta za shule na aache mshono wa rangi ndani ya pindo. Anayeuza blanketi au vitambaa vya mezani na atie mishono mitatu kwenye kona. Lebo ya karatasi haitoshi, kwani lebo hubanduka na kubandikwa kwenye kitu kingine, na hapo mmempa mwongo silaha. Alama hiyo msiiweke kwenye picha ya tangazo. Ijulikane na kikundi tu.

Mzigo ukifungwa, wafungaji wawe wawili. Siyo kwamba hatumwamini mmoja. Ni kumkinga. Mmoja afunga, mwingine apiga picha tatu: kitu chenyewe na alama yake, kitu kikiwa ndani ya mfuko uliofunguliwa, na mfuko ukiwa umefungwa kwa selotepu yenye nambari ya oda na sahihi iliyopita juu ya selotepu, nusu huku nusu kule. Picha hizo zikae kwenye simu ya kikundi. Simu ya mtu binafsi huibwa, huuzwa, au mwenyewe hukosana na wenzake akaondoka nayo. Katika daftari andikeni nambari ya oda, tarehe, kitu, alama, nani alifunga, nani alishuhudia, nani alibeba, na ile nambari ya M-Pesa ya malipo. Ni mstari mmoja. Dakika mbili.

Yuko anayeuliza, kwa nini sahihi ipite juu ya selotepu? Kwa sababu tusisahau mtu wa tatu. Si kila mteja anayelalamika ni mwongo. Mzigo wapita mkononi mwa boda boda, pengine wakaa kwenye kibanda fulani mjini saa nne nzima, pengine wasafiri kwa matatu ya 105 hadi Kikuyu ukiwa chini ya kiti. Unaweza kubadilishwa njiani na wewe na mteja mkagombana bure. Selotepu ikifika nzima na sahihi yake, njia imeshatoka katika mashaka. Mwambieni mteja mapema: selotepu ikiwa imekatwa, usipokee.

Na kama mteja yuko Nairobi, njia iliyo bora kuliko zote ni ile ya zamani: kukutana. Si mnajua mahali pa Nairobi pa kukutana? Ni pale Archives, Moi Avenue. Kuna watu, kuna mwanga, na matatu za pande zote si mbali. Mfungue mbele yake. Aseme "ndicho". Kama amemtuma mtu mwingine, yule aliyetumwa afungue na apige picha, amtumie mwenyewe palepale, ajibu kabla hamjaachana. Twajua nauli ni kitu na siku ya mama ni kitu, kwa hiyo haiwezekani kwa kila mzigo. Lakini kwa mzigo wa bei kubwa nauli ya 23 kutoka Kangemi ni nafuu kuliko ugomvi wa mwezi.

Sasa tuje kwa maneno. Hapa vikundi vingi vina udhaifu. Tangazo lasema "Kiondo kizuri, bei poa". Uzuri ni nini? Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31 ya sheria za Kenya, yasema kwamba kitu kikiuzwa kwa maelezo, sharti kilingane na maelezo yale, na kikiuzwa kwa mfano na maelezo pamoja, kilingane na vyote viwili. Sheria hiyo ni panga la makali mawili. Mkieleza ovyo, mteja atasema chochote nanyi hamtakuwa na la kumjibu. Mkieleza sawasawa, atakayedanganya atajikwaa kwenye maneno aliyoyakubali mwenyewe. Kabla ya kupokea pesa, mtumieni ujumbe kama huu:

"Kiondo cha mkonge, upana sentimita 25, mikanda miwili ya ngozi, rangi kahawia na nyeusi, Sh. 2,500. Tafadhali fungua mbele ya aliyekuletea. Kama sicho, tuarifu siku hiyo hiyo na utuletee au umpe tutakayemtuma. Tukikikagua na kuona tulikosea, tutakupa chako au pesa zako papo hapo, na nauli ni juu yetu. Ukikubali, jibu NDIYO."

Yale maneno ya kurudisha yana kazi kubwa. Sheria hiyo hiyo yasema kwamba kama hakuna makubaliano mengine, mnunuzi mwenye haki ya kukataa mali halazimiki kuirudisha mwenyewe. Yatosha akiarifu kwamba ameikataa. Mwaona? Mteja akisema, "Mimi nimekataa, pesa nataka leo, kiondo njooni mchukue mkipenda", ana mahali pa kusimama ikiwa hamkupatana lingine. Ndiyo sababu mpatane mapema, kwa maandishi, na jibu lake likae kwenye simu ya kikundi.

Lakini msivuke mpaka mwingine. Risiti nyingi za mjini zimepigwa chapa kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Vikundi vingine vimeiga. Maneno hayo yanaonekana makali, lakini hayamwondolei mnunuzi haki zake. Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya 2012 yasema haki za mnunuzi zasimama hata kama alitia sahihi ya kuziacha. Mkipeleka plastiki mahali pa mkonge, risiti haitawaokoa, wala haifai iwaokoe.

Haya, mmefanya yote na simu imelia. Mteja ni mkali. Kwanza, anayejibu awe mtu mmoja, yule mliyemchagua, na ajibu kwa maandishi. Akipiga simu, msikilizeni kwa heshima, mwambieni, "Asante kwa kutuarifu, Mama, tafadhali tutumie ujumbe ili tuweke kwenye kumbukumbu zetu." Wengine wakianza kumjibu kila mtu kivyake, mmoja ataomba radhi, mwingine atatukana, na mteja atachukua maneno yote mawili ayatumie dhidi yenu. Kuomba radhi kwa usumbufu ni sawa. Kusema "tumekosea" kabla ya kukagua si sawa.

Mwombeni picha: ya kitu, ya kitako chake kwa ndani, na ya mfuko wenye nambari ya oda. Msimwambie ni kwa nini mwataka kitako. Halafu wawili wakae na daftari na picha zenu. Hapa tunawasihi mwe wakweli. Yawezekana kabisa mlipeleka oda nambari 41 kwa mtu wa 14. Tukiona ni kosa letu, tusibishane hata nusu saa. Tulipe nauli, tubadilishe, tuseme pole. Mteja aliyetendewa hivyo hurudi, tena huja na dada zake.

Na kama picha yake haina alama, au kitu ni tofauti kabisa na kile kilichofungwa? Msimwite mwizi. Hata kama ni mwizi. Andikeni hivi: "Tumelinganisha picha yako na ile ya mzigo wetu wa tarehe fulani. Tunaona kitu kilicho kwenye picha yako hakina alama ya bidhaa zetu. Tafadhali lete kifurushi chote, pamoja na mfuko wake, pale ulipokipokea, tukikague pamoja. Kikiwa chetu na tulikosea, utapata pesa zako hapo hapo." Mtaona ajabu. Wengi wa waongo hapo hunyamaza. Nguvu yao ilikuwa kwenye haraka na kwenye aibu yenu, na ninyi mmewaitia mahali pa mwanga. Mwaminifu atakuja, hata akiwa na hasira.

Kanuni moja msiivunje: pesa zisitangulie mali. Asiambiwe, "Tunatuma pesa, wewe utume kiondo kesho." Pesa na kitu vikutane mahali pamoja, kama sokoni.

Juu ya M-Pesa kuna jambo la kujua. Mtu aliyetuma pesa kwa makosa aweza kuomba zirudishwe kwa kupeleka ule ujumbe wa M-Pesa kwa nambari 456. Ni msaada mzuri kwa aliyekosea nambari. Lakini yuko mnunuzi ambaye, akishapokea mzigo, huitumia njia hiyo kana kwamba alikosea. Kwa hiyo msipokee malipo ya kikundi kwa laini ya mtu binafsi. Tumieni nambari ya Till ya Lipa na M-Pesa, au Pochi la Biashara, ambako mteja hawezi kurudishiwa pesa bila mfanyabiashara kuridhia. Mkipigiwa simu na kuulizwa juu ya malipo, jibuni upesi, mkiwa na nambari ya oda na ule ujumbe wa mteja aliosema NDIYO. Na hakikisheni salio lenyewe kabla mzigo hauja­ondoka. Ujumbe wa M-Pesa waweza kutungwa na mtu yeyote mwenye simu.

Wanaouza kupitia Jumia na masoko mengine makubwa ya mtandao wana hali tofauti kidogo: soko lenyewe ndilo hushika pesa na kuamua. Hapo hamwandikii mteja bali soko, na picha zenu tatu ndizo mashahidi. Tumeni mapema, msingoje kuulizwa mara ya pili.

Mteja akiwatisha, "Nitawaanika Facebook", msitetemeke. Akiandika, mjibuni mara moja tu, kwa upole: tarehe, alichoagiza, kwamba mmemwita mkague pamoja, na kwamba mwaliko bado uko. Kisha nyamazeni. Wanaosoma wana akili. Lakini msilipize kwa kuweka picha yake, nambari yake ya simu, wala nyumba anayokaa. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na habari za mteja mlipewa kwa ajili ya kumpelekea mzigo, si kwa ajili ya kumwaibisha. Mwenye haki aweza kugeuka mshtakiwa kwa kidole chake mwenyewe.

Je, mahakama? Ipo Mahakama ya Madai Madogo. Ilizinduliwa Milimani, Nairobi, Aprili 2021, na husikiliza madai yasiyozidi Sh. 1,000,000. Imekusudiwa imalize kesi katika siku 60, na si lazima uwe na wakili. Anayedai ndiye anayethibitisha, ndiyo sheria yetu ya ushahidi. Mteja akiwashtaki, yeye ndiye wa kuonyesha kwamba mlimpelekea plastiki, nanyi mtafungua daftari. Kupata mali kwa udanganyifu nako ni kosa la jinai, na mwaweza kupiga ripoti kituo cha polisi mkapewa nambari ya OB. Lakini tusidanganyane. Kwa kiondo kimoja cha Sh. 2,500, mtamaliza nauli na siku za kazi zaidi ya bei yake. Kwa sweta mia mbili za shule, hapo ni jambo lingine, nendeni. Kwa kidogo, andikeni nambari ya yule mteja kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari, msimuuzie tena, mwendelee.

Na hiyo hasara ndogo ilipwe na nani? Hili ndilo tuliloona likivunja vikundi, kwa hiyo liamueni leo, kabla halijatokea. Maoni yetu ni kwamba asikatwe mama aliyefunga, maadamu picha tatu zipo na shahidi yupo. Tengeni kitu kidogo katika kila mauzo, hata shilingi 20, kiwe mfuko wa hasara. Uamuzi uandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano na wote watie sahihi. Vikundi vilivyoandikishwa vina katiba, basi ongezeni kifungu. Asiyefuata utaratibu, akafunga peke yake bila picha, huyo kikundi kizungumze naye, lakini kikao kiwe cha wote, si cha chini ya mwembe.

Tumeleta hapa vyondo viwili, kimoja cha kikundi chenye uzi kitakoni na kingine cha dukani. Kila kikundi kitume watu wawili waje mezani wafunge mzigo mmoja na kuupiga picha kama tulivyosema, na wale wa Uthiru waanze kwa sababu matatu yao inawangoja. Maswali tutayapokea kazi hiyo ikiendelea.